Maji ya Nyumba ya Mfano

Maji ndiyo yaliyomtoa marehemu hadharani.

Yalipita chini ya mlango wa mbele, yakashuka ngazi, yakafanya dimbwi kwenye njia ya kokoto. Watu waliokuwa wakiwahi kazini waliliruka huku wakinung'unika. Katika mtaa ule mpya, ambako wengi walikuwa wamezeeka kwenye foleni za ndoo, kumwaga maji ovyo kuliudhi kuliko kelele za jirani. Mwishowe wakamwita fundi bomba. Aligonga, hakujibiwa. Akasukuma mlango, ukafunguka.

Hakukawia ndani. Alitoka ameshika kichwa kwa mikono miwili, akaketi kwenye dimbwi lile lile, suruali na yote.

"Mwenyekiti," alisema. "Yuko jikoni. Keshakufa."

Inspekta wa upelelezi alifika na Koplo wake kabla jua halijawa kali. Alikuwa mwanamke mfupi, wa sauti ya chini, ambaye watuhumiwa wengi walimdhania mpole mpaka walipojikuta wanatia sahihi maelezo yao. Alivaa glavu, akakunja suruali, akaingia.

Nyumba ile ilijulikana na kila mtu. Ilikuwa nyumba ya mfano, ya kwanza kujengwa na shirika la makazi lililowatoa watu kwenye vibanda vya maturubai kando ya reli na kuwaleta hapa, kwenye nyumba za matofali zenye bati jekundu na bomba jikoni. Wafadhili wakija, walionyeshwa hii. Bodi ya ushauri ya shirika ilifanyia vikao vyake sebuleni humu, na ilikuwa imekaa kikao jana yake alasiri.

Marehemu ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa bodi hiyo. Alikuwa mhandisi mstaafu, na wakazi walimwita hivyo hivyo, Mhandisi. Wapo waliokuwa wamewapa watoto wao jina lake.

Sasa alilala ubavu kwenye sakafu ya jikoni, goti moja limekunjwa, kiganja kimewekwa chini ya shavu. Bomba lilikuwa wazi. Kitambaa kilikuwa kimeziba tundu la sinki, na maji yakafurika. Kwenye kona ya meza ya zege palikuwa na damu na nywele chache za mvi. Vipande vya glasi vilitapakaa sakafuni, ila kitako chake kilibaki juu ya meza, bado kina maji kama funda moja.

"Kateleza, afande," Koplo alisema. "Sakafu yenyewe si unaiona?"

"Kateleza, akajigonga, halafu akajilaza vizuri kama mtoto aliyebembelezwa?"



Inspekta alichutama. Mdomo wa juu wa marehemu ulikuwa umepasuka. Halafu akautazama tena ule mkono chini ya shavu, na lile goti. Hivyo ndivyo anavyolazwa mgonjwa aliyepoteza fahamu, ili asisongwe na ulimi wake. Inspekta mwenyewe alifundishwa chuoni. Mtu alikuwa amemlaza mzee huyu kwa uangalifu, kisha akaenda zake.

"Chukua sampuli ya maji ya kwenye glasi," aliagiza. "Na ya bomba pia, tuwe na ya kulinganishia. Hilo pigo la mdomoni silielewi."

*

Wajumbe wawili wa bodi walifika wakati maiti inapakiwa kwenye gari.

Wa kwanza alikuwa Wakili, mtu mrefu mwenye suti iliyopigwa pasi hadi ikawa kama kadibodi. Hakuuliza kilichotokea. Alianza kwa kueleza.

"Inspekta, mtafuteni huyo fundi bomba. Wiki jana alimtukana marehemu mbele za watu. Alinyimwa nyumba hapa, akaapa kwamba atatuonyesha."

"Alisema atawaonyesha nini?"

"Watu wa namna hiyo huwa hawamalizii sentensi."

"Wewe uliondoka saa ngapi?"

"Kikao kilipoisha tu. Nilikuwa wa kwanza kutoka. Niliwaacha wengine wanaagana."

Wa pili alikuwa amesimama nyuma yake, mwanamke mnene wa makamo, ameshika leso iliyolowa. Inspekta alipomwona, uso wake ulibadilika.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba, mwanangu." Sauti ilikatika. "Kumbe ni wewe umepewa hii kazi. Afadhali."

Hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa muuguzi kwa miaka mingi, na hata baada ya kustaafu aliendelea kuwa Sista. Ndiye aliyemzalisha Inspekta mtoto wake wa kwanza, usiku ambao kila mtu wodini alikuwa amekata tamaa isipokuwa yeye. Alimshika mkono hadi asubuhi, akimtania kwamba polisi anayelia hivi wezi watamcheka. Shirika lilipowafuata watu wa kando ya reli na kuwaomba wahame, wengi walikataa. Walishadanganywa mara nyingi. Walikubali kwa sababu Sista aliwaambia wakubali.

"Wewe ulitoka lini, Sista?"

"Nilimwacha anafunga madirisha. Nikapita kwa mdogo wangu, anakaa nyumba za kule mwisho. Mtoto wake anaumwaumwa."

"Ulirudi huku?"

"Nirudi kufanya nini?"

"Mlikuwa na ugomvi wowote kikaoni?"

"Ugomvi!" Sista alifuta macho. "Tulijadili rangi ya kupaka uzio. Mhandisi alitaka kijani."

Inspekta aliandika, akafunga kijitabu chake. Wazo lilimpitia kuhusu ule mkono chini ya shavu. Akalifukuza. Nusu ya watu wa mtaa ule walikuwa wamefundishwa huduma ya kwanza, na Wakili mmojawapo.

Fundi bomba alihojiwa kituoni. Alikiri kutukana, akarudia matusi yenyewe bila kuombwa, na Koplo akashindwa kuzuia kicheko. Lakini jana yake, tangu mchana hadi jioni, alikuwa juu ya paa la shule akifunga tangi, na walimu watatu waliapa kwamba kelele zake ziliwaharibia masomo yote.

"Mwachie," Inspekta alisema.

"Wakili atalalamika, afande."

"Atalalamika vizuri. Ndiyo kazi yake."

*

Daktari wa uchunguzi wa maiti alikuwa mtu asiyependa maneno mengi.

"Fuvu limepasuka kisogoni. Pigo moja. Linalingana na kona ya zege."

"Alisukumwa?"

"Kifuani kuna michubuko miwili, ya viganja. Ndiyo, alisukumwa." Alivuta taa karibu. "Ila njoo uone hapa. Ndani ya mdomo kumechanika, na kwenye ufizi nimetoa kipande cha glasi. Meno yalikuwa yamekazwa."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo mtu alikuwa anamshindilia glasi mdomoni. Anamlazimisha anywe. Na yeye hataki."

"Alikunywa?"

"Tumboni hamna maji kabisa. Alipigana mpaka mwisho asimeze hata tone."

Inspekta alikitazama kile kipande cha glasi. Mtu mzima anapigana hivyo na glasi ya maji? Hapo lazima kulikuwa na sumu.

"Jambo la mwisho," daktari alisema. "Hakufa papo hapo. Damu ilivujia ndani ya kichwa taratibu. Angewahishwa hospitali, huenda sasa hivi angekuwa kitandani analalamikia chakula."

Sampuli za maji zilipelekwa maabara siku hiyo hiyo, na ombi la Inspekta lilikuwa moja tu: wamwambie ni sumu gani iliyotiwa kwenye glasi.

Wakati wakisubiri majibu, alikwenda nyumbani kwa marehemu. Mjane alimpokea sebuleni, kati ya wifi zake wawili ambao hawakutaka kumwacha peke yake. Alikuwa na uso wa mtu anayesikiliza kutoka mbali.

"Kuna mtu aliyemchukia, mama?"

"Huyo? Watu walikuwa wanamsimamisha barabarani kumshukuru. Nilikuwa nachoka kumsubiri."

"Siku za karibuni alikuwa na wasiwasi?"

"Alikuwa na mambo yake. Nani hana?" Aliitazama mikono yake. "Alikuwa na tabia ya kubeba maji kutoka hapa nyumbani akienda kule mtaani. Chupa yake, kila siku. Hata chai ya kule hakunywa. Nilikuwa namtania, namwambia uzee umemletea maringo."

Inspekta aliacha kuandika.

"Hakuwahi kunywa maji ya kule?"

"Hata kunawa uso hakutaka."

"Na wewe, mama? Ulikuwa unakwenda kule?"

"Kila Jumamosi. Nawafundisha kina mama kushona. Nakunywa chai yao, nakula kwao. Tunaenda gari moja, tunarudi gari moja." Akamtazama Inspekta kwa mara ya kwanza sawasawa. "Kwa nini unaniuliza hivyo?"

Inspekta aliona mwanamke yule akianza kulitafuta jibu mwenyewe, na ikambidi aangalie pembeni.

*

Simu ya maabara ilipigwa asubuhi ya siku iliyofuata. Koplo aliipokea, akasikiliza, akaziba kipaza sauti kwa kiganja.

"Afande, hawa watu wamechanganyikiwa. Wanasema ni risasi. Marehemu si kajigonga kwenye meza? Risasi imetoka wapi?"

"Lete hapa."

Inspekta alisikiliza kwa muda mrefu. Alipokata simu, alikaa akiitazama.

"Siyo risasi ya bunduki, Koplo. Ni madini. Madini ya risasi, yale ya kwenye betri za magari. Yakiingia mwilini kidogo kidogo yanaharibu damu na ubongo. Watoto ndio wanaoumia zaidi."

"Kwa hiyo ndiyo sumu iliyotiwa kwenye glasi."

"Hakuna kilichotiwa kwenye glasi. Maji ya kwenye glasi na maji ya bomba ni yale yale."



"Washa gari," Inspekta alisema. "Halafu mpigie fundi bomba. Mwambie afunge koki kubwa ya mtaa mzima sasa hivi. Asiulize kitu, afunge."

Njiani alimpigia Wakili. Alimweleza kwa maneno machache kilichopatikana kwenye maji, akangoja mshangao. Haukuja.

"Inspekta," Wakili alisema, "hilo ni suala la kitaalamu. Bodi yetu ni ya ushauri tu. Sisi hatuamui chochote. Na sioni linahusianaje na mauaji."

"Sijasema linahusiana."

Inspekta akakata simu na kusonya, jambo ambalo Koplo hakuwahi kumsikia akilifanya kazini.

Waligawana mtaa. Koplo akachukua safu ya kulia, Inspekta ya kushoto. Mlango kwa mlango: msinywe maji ya bomba, msipikie, mwageni yaliyo kwenye ndoo, maji mengine yanakuja kwa gari. Kina mama walisikiliza, wakauliza, wakauliza tena. Mmoja aliuliza kama ndiyo maana mwanawe tumbo haliachi kumsokota. Mwingine akasema hapana, hayo ni minyoo, Sista kawapa dawa watoto wote. Wa tatu alikuwa na pacha wadogo waliokuwa wakinywa kwenye kikombe kimoja, wakipokezana, na Inspekta alijikuta anawanyang'anya kikombe kabla hajasalimia.

Nyumba ya jirani na ya pacha hao ilikuwa ya mwisho. Mwanamke aliyefungua mlango alifanana na Sista kama wanavyofanana ndugu, ila huyu alikuwa mwembamba. Msichana mdogo alikuwa amekaa mkekani, amegeukia ukuta.

"Maji ya bomba?" mwanamke alisema. "Mimi siyatumii, afande. Nanunua." Akaonyesha madumu yaliyopangwa kando ya jiko.

"Tangu lini?"

"Si zamani. Dada alinipigia, akaniambia tumbo la mtoto linataka maji laini, ya kununuliwa. Na mimi pia nisiyaguse ya bomba. Akanitumia na hela."

"Dada yako ndiye Sista?"

"Ndiyo. Dada yangu mkubwa. Ni kama mama yangu, ndiye aliyenilea. Hata hii nyumba nimepata kwa kuwa aliniambia njoo." Akamwangalia mtoto. "Huyu alikuwa anaimba kutwa nzima, afande, mpaka majirani wanasema mzimeni redio. Sasa maneno yanampotea. Anamwita mama mkubwa wake kwa kidole."

Inspekta alichutama mbele ya mtoto, akamgusa shavu. Kisha akauliza bila kugeuka.

"Hiyo simu, unakumbuka ilikuwa siku gani?"

"Siku ya kikao cha bodi. Jioni."

"Una hakika?"

"Nina hakika kabisa. Kesho yake asubuhi ndiyo tukasikia Mhandisi amekutwa amekufa."

"Siku hiyo alipita hapa? Kabla ya kupiga?"

"Hapana. Ningemwona wapi? Alipiga tu. Sauti ilikuwa kama ana mafua."

Nje, mama wa pacha alikuwa akimwaga ndoo yake kwenye mtaro. Inspekta alimtazama hadi tone la mwisho.

"Jirani yako huyu," aliuliza, "ulimwambia kuhusu maji laini?"

"Nilitaka. Dada akasema nisimwambie mtu. Watasema anapendelea ndugu zake."

*

Walimkuta Sista kwenye zahanati ya mtaa, akipanga chupa za dawa kabatini. Hakuuliza wanampeleka wapi. Alivua koti jeupe, akalikunja, akaliweka juu ya kiti.

Kwenye chumba cha mahojiano Inspekta alimsomea haki zake: ana haki ya kunyamaza, ana haki ya kuwa na wakili.

"Wakili!" Sista alisema, akatoa kicheko kifupi kisicho na raha. "Hapana. Uliza tu, mwanangu."

"Usiniite mwanangu humu ndani."

Sista akainamisha kichwa.

"Baada ya kikao ulikwenda kwa mdogo wako?"

"Nilikwambia hivyo."

"Anasema hukufika. Ulimpigia simu. Ulimkataza maji ya bomba."

"Nilisikia jikoni mle maji yamefurika, na maiti imelala humo. Nikahofia uchafu utaingia kwenye—"

"Ulipiga jioni ya kikao. Maiti ilionekana kesho yake."

Koplo aliacha kuandika. Sista alikuwa akiitazama meza, kana kwamba kuna mtu pale wa kumsaidia.

"Bado nina swali jingine, Sista, ndilo linalonikosesha usingizi. Mdogo wako ulimwonya. Jirani yake ana pacha. Wamekunywa maji yale siku hiyo, na iliyofuata, na leo asubuhi mimi nimewakuta na kikombe mkononi. Hao nani aliwaonya?"

Hapo Sista alivunjika. Hakupiga kelele. Alijikunja tu polepole, mikono tumboni, kama mwenye uchungu wa uzazi. Inspekta hakumshika mkono.

"Niliwapa dawa ya minyoo," Sista alisema hatimaye. "Wote. Tumbo likiuma, minyoo. Wakizubaa darasani, minyoo. Muuguzi mzima mimi! Mama zao wakaniamini. Mpaka huyu wa mdogo wangu alipoanza kupoteza maneno, nikampeleka hospitali kubwa kwa daktari niliyewahi kufanya naye kazi. Akampima damu. Akaniuliza, mnaishi karibu na kiwanda cha betri?"

"Ukamjibu nini?"

"Nikacheka. Nikamwambia hakuna kiwanda. Halafu nikiwa njiani kurudi nikawaza: kuna nini chini ya ardhi ile? Mbona tuliipata kirahisi?" Alifuta uso. "Nilikaa kikaoni namsikiliza anazungumzia rangi ya uzio. Wenzangu wakaondoka. Nikamuuliza, Mhandisi, hapa palikuwa na nini zamani? Akasema palikuwa na kiwanda kidogo, kilibomolewa kitambo. Nikamuuliza, cha nini? Hakujibu."

"Ukamwambia anywe."

"Nilifungua bomba nikajaza glasi. Nikamwambia, kunywa. Basi. Ukinywa nitajua ni wasiwasi wangu, nitakuomba radhi, yataisha. Nilitaka anywe, Inspekta. Nilikuwa naomba moyoni anywe. Akasema hana kiu. Nikasema kunywa hata funda moja. Akarudi nyuma." Sauti yake ilipanda. "Alirudi nyuma! Mtu aliyekata utepe wa bomba lile, amepigwa picha akimnywesha mtoto, na yeye anaikimbia glasi kama nimemshikia nyoka!"

"Halafu akakiri?"

"Alisema walipima maji tangu kisima cha mtaa kinachimbwa. Yeye na Wakili walijua. Akasema wafadhili wangejua wangeondoka, na wale watu wangebaki kando ya reli, mvua inawanyeshea. Akasema madhara huchukua miaka, na wao walikuwa wanatafuta namna ya kuleta maji mengine. Akasema, nyumba mbaya ni bora kuliko hakuna nyumba. Kwa sauti ile ile ya kikaoni! Nikamwuliza kwa nini hakuniambia mimi, niliyekwenda kibanda kwa kibanda kuwabembeleza wahame. Unajua alinijibu nini?"

"Nini?"

"Alisema, 'Ungejua, usingeweza kuwashawishi.'"

Nje, mtu alikuwa akibishana na askari wa kaunta kuhusu baiskeli.

"Nikamshindilia glasi mdomoni. Sikumbuki nilivyovuka jikoni. Alikaza meno, ikapasuka. Nikakiacha kitako mezani, nikamsukuma kwa nguvu zangu zote. Nikasikia kichwa chake."

"Alikuwa hai."

"Alikuwa hai. Nilimpima mapigo. Nikamlaza ubavu, mkono chini ya shavu, kama nilivyofundisha wengine maisha yangu yote. Mikono ilifanya yenyewe. Nikatoa simu niite gari la wagonjwa. Nikaona picha yake ukutani, kule sebuleni, na watoto. Nikairudisha simu kwenye mkoba. Nikasema acha alale. Nikavuta mlango, na bomba nimeliacha wazi."

"Na maji? Kwa nini hukumwambia mtu kuhusu maji?"

Hili alilijibu kwa shida kuliko yote.

"Ningesema maji, mngeniuliza nimejuaje. Mngefika kwangu. Nikasema nisubiri kidogo, mazishi yapite, nitatafuta njia ya kusema bila kuonekana. Siku moja au mbili tu. Watoto wameshayanywa muda wote huo, siku mbili zitaongeza nini?"

Alisikia maneno yake mwenyewe yakitoka. Inspekta aliona anayasikia. Yalikuwa ya Mhandisi, sauti tu ndiyo iliyobadilika.

"Nikamwambia mdogo wangu," Sista alisema polepole. "Nikajiambia angalau huyo."

Koplo alimsogezea karatasi. Alitia sahihi kwa mwandiko wake mzuri wa wodini, kila herufi inasomeka.

*

Wakili alifika kituoni mchana, akiwa na mkoba, akisema amekuja kumtetea mjumbe mwenzake. Inspekta alimkaribisha vizuri, akamwonyesha kiti, akafunga mlango. Alipotoka tena alikuwa amefungua jalada la pili, la kuhatarisha maisha ya watu kwa makusudi, na Wakili alikuwa akiomba kumpigia simu wakili.

Kwenye benchi la nje alikuwa amekaa mdogo wake Sista. Mtoto alilala kifuani pake. Mtaa mzima ulikuwa umeshajua.

"Naruhusiwa kumwona?"

"Unaruhusiwa. Muda mfupi tu."

Mwanamke hakuinuka. Alimweka mtoto vizuri begani, akamfunika kwa khanga.

"Nimemwuliza yule jirani yangu," alisema, "pacha wake wanaendeleaje. Akanijibu vizuri tu. Halafu akaniuliza, wewe ulijua? Nikamwambia sikujua. Akaniangalia. Anayaona madumu yangu, afande. Atanisadiki vipi?"

"Hukujua. Nitalisema hilo popote."

"Dada ananijua. Angeniambia kweli, ningetoka nje na kupiga kelele hadi mtaa mzima usikie. Usiku huo huo. Asingepata hata nafasi ya kukata simu." Alisimama sasa, akageukia mlango wa kutokea. "Anajua ningefanya hivyo. Ndiyo maana akaniambia maji laini."

"Hutaingia kumwona?"

"Nitakuja siku nyingine. Leo nikimwona nitamwamkia kwa mazoea."

Akashuka ngazi za kituo, mtoto begani. Inspekta alibaki mlangoni. Kutoka mahabusu alimsikia Sista akimwuliza askari, kwa sauti ya chini na ya heshima, kama kuna mtu yeyote aliyekuja kumuulizia.